Tarakimu Nne

Jumapili asubuhi, kabla sijachemsha chai,
kishikwambi kiliniletea ripoti,
mimi ambaye kazi yangu ni kuandika ripoti za watoto wa watu.
Wastani wa siku: saa tano, dakika hamsini na mbili.
Nguzo za buluu zimepangwa,
Alhamisi imepanda kama mnara wa simu.

Nikajitetea. Humo mna maandalio ya masomo,
mna hesabu za sehemu, darasa la sita,
mna mahudhurio ya watoto sitini na nane.
Kikanijibu bila hasira, kwa mstari mwembamba:
kazi, dakika thelathini na moja.
Zilizobaki ni mapishi ya keki (sina oveni),
harusi za watu, ugomvi wa watu,
na mwanamke wa nchi nisiyoijua
akipanga kabati lake, akilipangua, akilipanga.

Nikaweka kikomo: dakika arobaini na tano, basi.
Siku ya kwanza zikaisha ugali haujaiva.
Kioo kikageuka kijivu, na chini yake kitufe:
Puuza kwa leo.
Nani alikiweka pale? Ni kufunga mlango
na kuuacha ufunguo ukining'inia kwenye komeo.
Nikapuuza kwa leo.
Wiki ile leo ilikuwa na siku saba.

Mizabibu ilikuwa inangoja mkasi.
Hapa Mpunguzi jirani zangu wote walishapogoa,
matawi yamelala chini, mashina yamebaki mafupi, meusi.
Yangu yalishikana mashati.
Nilipogoa mistari miwili
nikarudi ndani kutazama video ya kupogoa.

Ndipo nikamwita Nyemo, miaka kumi.
"Weka tarakimu nne. Usiniambie. Hata nikilia."
Akageukia ukuta, akakinga kwa kiwiko
kama anavyokinga majibu yake yasinakiliwe.

Siku ya pili nilimsogelea na andazi.
"Mama anataka kuona hali ya hewa tu."
Akachungulia dirishani. "Upepo," akasema.
Kweli ulikuwa upepo, ule wetu wa mwezi wa tisa,
unaotia vumbi mpaka ndani ya chumvi.
Siku ya tatu nikamfokea. Akasimama wima,
mikono nyuma, akaniazima sauti yangu ya mtihani:
"Muda umekwisha. Kalamu chini."

Usiku, chini ya blanketi, nikawa nabahatisha,
mtu mzima, mwalimu wa nidhamu.
Mwaka aliozaliwa. Siyo.
Mwaka niliozaliwa mimi. Siyo.
Mwaka aliotutoka baba yake;
kidole kilisita kabla ya tarakimu ya mwisho.
Siyo. Nashukuru, siyo.
Kikanifungia dakika tano kwa kosa la kujaribu,
na katika dakika zile nikasikia
lori la Iringa likishusha gia,
bati likigombana na upepo,
na pumzi za mtoto upande wa pili wa pazia.
Mara ya mwisho kuzisikia ilikuwa lini?
Ripoti haina nguzo ya hilo.

Sijawa mtu mwema. Nimepogoa mistari kumi na minne,
nina malengelenge, na bado jioni
kidole hunitoroka, hutelezesha juu ya meza
kana kwamba meza ina ukurasa mwingine.

Jana nilikuwa na haki kabisa.
Alama za darasa zilitakiwa wilayani kesho yake,
dakika zangu nimezimaliza kwenye kabati la yule mwanamke.
"Nipe namba, Nyemo."
"Nimesahau."

Namjua mwanangu. Akidanganya,
dole gumba la mguu huchora vumbini.
Lilichora. Nusu duara. Likafuta. Likachora tena.

Nikasema, basi, lete rula na daftari,
unisomee majina.